Kabla ya Kuuliza Inchi, Uliza Kilo

Kila mtu anayeleta pikapu gereji akitaka iinuliwe anataja inchi. Inchi mbili, boss. Inchi tatu. Mmoja alitaka inchi nne kwa sababu aliona Hilux ya namna hiyo imeegeshwa karibu na mto, kwa watalii, ikamwingia moyoni. Kilo hakuna anayezitaja. Ukimuuliza gari inabeba nini, anakuangalia kama vile umemuuliza mshahara wake.

Mimi ni kijana wa Uvira, kazi ya chini ya gari nimejifunzia hapa Jinja, upande wa Walukuba. Najua wengi katika kundi letu mko gereji kama mimi, wengine ni madereva, na kuna ninyi mnaofanya kazi na mashirika, ambao ndio mnasaini karatasi ya matengenezo. Nawaandikia wote pamoja juu habari hii inatugusa wote. Sisi tunafunga springi, ninyi mnazilipia, na yule anayekaa nyuma juu ya magunia mara nyingi ni mama yetu au mdogo wetu.

Msimamo wangu ni huu: springi za pikapu ya kuinuliwa zichaguliwe kwa uzito ambao gari inabeba siku nyingi za wiki. Urefu utafuata. Ukianza na urefu, utapata gari nzuri ya kupiga picha na mbaya ya kupanda nayo Bududa.

Tuelewane maneno kwanza, maana gereji moja ya Jinja inaweza kuwa na lugha tano: Lusoga, Luganda, Kiswahili chetu, Kiarabu cha Juba na Kiingereza cha kubahatisha. Springi ndiyo inabeba uzito wa gari. Kwenye Hilux nyingi za sasa, mbele kuna springi ya koili, ile iliyozunguka kama nyoka amejikunja, na nyuma kuna springi za mabapa: vyuma bapa kadhaa vimelala kimoja juu ya kingine, vimeshikwa katikati na bolti moja, kisha vikabanwa kwenye ekseli kwa bolti za U. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo mashirika yanaipenda sana, ilianza mwaka 1984. Pikapu yake ilikuwa na mabapa mbele na nyuma mpaka mwaka 1999, ndipo Toyota ikaweka koili mbele. Shokapu ni kitu kingine kabisa. Haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku: gari imelala nyuma kwa uzito, mwenyewe ananunua shokapu mpya, anashangaa gari bado imelala.

Sasa ugumu. Chukua springi mbili za mfano wa kuhesabia tu. Ya kwanza inashuka sentimita 1 kwa kila kilo 25 unazoweka juu yake. Ya pili ni ngumu zaidi, inataka kilo 40 ili ishuke sentimita hiyo moja. Weka kilo 400 nyuma ya gari, yaani kilo 200 kila upande. Springi laini inashuka sentimita 8, ile ngumu inashuka 5. Hapo kila mtu atasema ngumu ndiyo bora. Ngoja. Gari imeshusha mzigo, inarudi tupu, inakuta tuta linalosukuma gurudumu juu sentimita 5. Springi laini inasukuma chasisi kwa nguvu ya kilo 125 zaidi. Ile ngumu inasukuma kwa kilo 200. Hizo kilo 75 za tofauti haziendi hewani. Zinapanda kwenye bodi, kwenye kiti, kwenye mgongo wa aliyekaa. Tena zinapanda kwa kila tuta, na barabara ya kwetu inajua kuhesabu matuta kuliko mimi.

Kwa hiyo ngumu na laini ni swali la mzigo. Shida ni kwamba boksi la springi limeandikwa "kazi nzito" na mtu anasoma kama sifa, kama vile nguo iliyoandikwa "ubora wa juu". Yale ni maelezo ya kilo. Kampuni za Australia zinazouza springi za namna hii, kwa mfano Old Man Emu, Ironman au Dobinsons, zinapanga bidhaa zao hivyo hivyo: springi ya gari isiyobeba kitu, ya gari yenye mzigo wa kati, ya gari ambayo uzito haushuki kamwe. Mbele pia kuna orodha yake, bila bulbari, na bulbari, na bulbari pamoja na winchi, juu bulbari ya chuma inaweza kufika kilo 60 na winchi yenye kamba ya waya kilo 40 nyingine. Mtengenezaji akikwambia springi yake inainua inchi mbili, anamaanisha gari ikiwa na uzito aliouandika. Ukiiweka kwenye gari tupu itapanda zaidi ya hapo, na itapiga kama mkokoteni.

Nimeona gari ya namna hiyo mwaka jana. Shirika sitalitaja. Ilikuwa pikapu ya milango minne, kazi yake kuwatoa akina mama wajawazito vijijini kuwapeleka kliniki. Mzigo wake wa siku nyingi: dereva, muuguzi, mama mmoja au wawili, mizigo midogo. Kama kilo 300 na watu wakiwamo, na wengi wao wamekaa katikati ya gari, mbali na ekseli ya nyuma. Mtu wa ofisini aliagiza springi za nyuma za uzito wa kudumu wa kilo 500, maana zilikuwa ghali kuliko nyingine kwenye orodha na bajeti iliruhusu. Dereva alituambia kwamba mama mmoja aliomba kushuka akapande boda. Fikiria. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anaona afadhali pikipiki. Na hakuna kitu kilichovunjika kwenye gari ile. Kila bolti ilikuwa imekazwa vizuri. Chaguo tu ndilo lilikuwa baya.

Upande wa pili upo pia, na ndio unaojulikana zaidi kwa wafanyabiashara wetu. Springi za kiwandani zimechoka, gari inabebeshwa mahindi au samaki mpaka ubao wa nyuma unakaribia kugusa lami. Usiku kwenye barabara ya Tirinyi kwenda Mbale unaiona hiyo gari kwa mbali, taa zake zinamulika miti. Nyuma imekaa, mbele imepanda, usukani umekuwa mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele hayashiki barabara vizuri. Mwenye gari anakuja kuomba "kuinua". Huyu hahitaji kuinua. Anahitaji springi za kubeba alichozoea kubeba, au apunguze magunia. Kila gari ina mwisho wa uzito uliowekwa na kiwanda, na springi mpya hazibadilishi huo mwisho. Chasisi ni ile ile, breki ni zile zile, ekseli ni ile ile. Fundi anayekwambia "nimekuongezea tani" amekuongezea imani.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wakubwa wanabishana nami. Watu wanainua gari wakidhani difu ya nyuma itapanda ipite juu ya mawe. Haipandi. Difu imekaa katikati ya ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Springi ziko juu ya ekseli. Unaweza kuweka springi za kugusa mawingu, difu itabaki sentimita zile zile kutoka ardhini mpaka ubadilishe matairi kuwa makubwa zaidi. Kinachopanda ni chasisi, bodi, tangi la mafuta, bampa, na unapata nafasi ya tairi kubwa kidogo. Hiyo ni faida ya kweli kwenye njia zenye mifereji mirefu. Ila ujue unacholipia.

Na njia hizo zipo, sibishi. Toka Mbale ukapande Bududa wakati wa mvua, udongo ule unageuka sabuni, na magurudumu ya malori yameshachimba mifereji ambayo gari ya chini inalalia tumbo. Milima hiyo tunaisikia kila ikitokea balaa: maporomoko ya Machi 2010, ya Oktoba 2018, na ya Bulambuli mwishoni mwa Novemba 2024. Wengine waliookoka Bududa mwaka 2010 walihamishiwa Kiryandongo, wilaya hiyo hiyo yenye makazi ya wakimbizi, kwa hiyo kuna ndugu zetu wanaopakana nao. Siku kama zile pikapu inapanda na maji, mahema, unga, na inashuka na watu. Mzigo wa kupanda na mzigo wa kushuka ni tofauti kabisa. Hapo ndipo swali la springi linakuwa gumu kweli, na sitasema lina jibu moja.

Gari inayokwenda imejaa na kurudi tupu, mimi naona ifanyiwe hivi. Chagua springi ya mzigo wa kati, ule wa siku nyingi, halafu uwe na bapa la msaada chini, lile nene lililonyooka ambalo haligusi mpaka gari ipakiwe. Tupu, gari inatembea kwa mabapa ya juu, laini. Ikijaa, mabapa yanashuka, yanakutana na lile la chini, ugumu unaongezeka wenyewe. Pikapu nyingi za kiwandani zimejengwa kwa akili hiyo hiyo. Sisi ndio tunakuja kuiharibu kwa kubadilisha seti nzima kuwa ngumu. Kuna wanaopenda mifuko ya hewa inayosaidia springi za nyuma. Kwenye lami sawa. Kwenye barabara mbovu na mzigo mwingi nyuma ya ekseli, mfuko unasukuma chasisi sehemu moja tu, na kuna pikapu za milango minne zilizopinda chasisi kwa namna hiyo hiyo, zikabaki zimevunjika mgongo kama punda. Mimi siziungi mkono kwa kazi yetu.

Sasa nije kwenye breki, na hapa naomba wale wa mashirika msome polepole. Chini ya Hilux nyingi na Land Cruiser za kazi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali ndogo ya breki yenye mkono mrefu wa chuma. Vali imefungwa kwenye chasisi, mkono umeungwa na ekseli. Mzigo ukiongezeka bodi inashuka, ekseli na chasisi vinakaribiana, mkono unasukuma vali, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu vali inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari ikazunguka. Ni akili nzuri sana kwa kifaa kisicho na waya hata mmoja. Sasa wewe umeinua nyuma inchi mbili. Ekseli imekuwa mbali na chasisi. Vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa umepakia kilo 600, inazinyima breki za nyuma, na za mbele zinabeba kazi yote. Kwenye tambarare dereva hatajua. Atajua anaposhuka mlima amejaza watu, na pale si mahali pa kujifunza. Sisi tuliokulia Uvira tunaujua mlima wa Ngomo kwenye njia ya Bukavu, tunajua mteremko unavyofanya kwa gari ambayo breki zake zinafanya kazi nusu.

Dawa yake ni ndogo: mkono ule urekebishwe, au mshikio wake uongezwe kipande, urudi kwenye pembe aliyoiweka mtengenezaji. Kazi ya chini ya saa moja. Lakini kwenye karatasi za kuinua gari ambazo zimepita mikononi mwangu sijaona hata moja iliyoandika "rekebisha vali ya breki". Imeandikwa springi, shokapu, tairi. Ukiwa wewe ndiye unasaini, ongeza huo mstari kwa kalamu yako. Ongeza pia mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli: ukivutika mpaka mwisho gurudumu linaposhuka shimoni, utakatika siku moja.

Mengine nitayapitia haraka. Hilux yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea usiipandishe mbele zaidi ya inchi mbili hivi. Shafti zinazozungusha magurudumu zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele ina ugonjwa mwingine: ukiiinua, ekseli inajizungusha kidogo, usukani unaacha kujirudisha wenyewe baada ya kona, na inataka bushi maalumu za kusahihisha. Bolti za U zikifunguliwa zitupwe, weka mpya, kisha gari irudi ikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Shokapu ziendane na springi. Springi mpya ngumu na shokapu za zamani ni gari ya kuruka ngoma.

Lakini kuhusu bapa la lori siwezi kupita haraka. Hii tabia iko kila mahali, Jinja, Mbale, Kisekka kule Kampala, hata kwetu Kongo: unachukua bapa moja la lori la mtumba, unalikata, unalipasha moto ulipinde, unaliingiza katikati ya mabapa ya Hilux. Gari inapanda, mteja anafurahi, bei nafuu. Naelewa kabisa kwa nini watu wanafanya hivyo, pesa haipo. Ila bapa la springi ni chuma kilichopikwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo ili kiweze kupinda na kurudi. Ukikitia moto wa mkaa mpaka kiwe chekundu umekifutia kumbukumbu yake. Ama kitalala ndani ya wiki chache, ama kitakuwa kigumu na kukatika kama biskuti. Na hata usipokitia moto, unene wake na mpindo wake havilingani na vya wenzake, kwa hiyo chenyewe kinabeba zaidi, kinasugua, na mabapa yanakatika karibu na tundu la bolti ya katikati. Bapa refu la juu, lile lenye macho ya bushi, likikatika, ekseli inahama upande. Gari inatembea kama kaa.

Maoni yangu, na najua wengine mtanipinga: kama pesa haitoshi springi, shokapu, bushi na bolti kwa pamoja, acha gari kwenye kimo chake. Tafuta bapa moja la gari ile ile, la namba ile ile, badilisha lililokufa, paka grisi, funga. Hutapigwa picha, lakini utafika.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike. Sisi mafundi wakimbizi tuna tatizo la sauti. Sheria ya Uganda ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na tunafanya. Lakini karatasi inapokuja imeshaandikwa springi gani, fundi kijana anayesema "boss, hizi si za gari hii" anaonekana mjuaji, au mvivu, au anatafuta kamisheni kwa muuzaji mwingine. Nimesikia kwa masikio yangu: "Wewe funga tu." Gari ikipata ajali hakuna atakayeuliza nani alichagua. Watauliza nani alifunga. Na mwenye kitambulisho cha ukimbizi hana mjomba wa kumpigia simu.

Kozi za ufundi nazo zinatuacha hapo hapo. Mtu anamaliza miezi yake anajua kufungua na kufunga, anapewa boksi la spana, tunampigia makofi. Kupima hakufundishwa. Ninyi mnaopanga hizo kozi, mkiweza, mwongeze siku moja tu ya tepu na mizani. Gunia la saruji lina kilo 50, jerikani ya maji ya lita 20 ina kilo 20, pipa la dizeli la lita 200 linakaribia kilo 190 pamoja na chuma chake. Kijana akijua kujumlisha hayo anaweza kukaa na afisa wa usafiri wakaongea kama watu wawili wanaotazama namba moja, na huyo afisa hatakuwa na haja ya kumwamini kwa sura.

Na waulizeni madereva. Dereva anajua anabeba nini Jumanne, kuliko ripoti yoyote.

Kwa wale wenye gari karibu, kazi ya wiki hii ni hii. Egesha sehemu iliyo sawa. Pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, pande zote mbili. Fanya mara tatu: gari tupu, gari na mzigo wa siku ya kawaida, gari na mzigo wa siku nzito kuliko zote. Andika na kilo ulizopakia kila mara, hata kwa kukadiria magunia. Kama upande mmoja uko chini kuliko mwingine gari ikiwa tupu, andika pia, maana hapo kuna bapa limechoka au limekatika na hujaliona. Leteni namba hizo kwenye kundi pamoja na aina ya gari na mwaka wake. Jumamosi mchana nikitoka gereji tutakaa tuzihesabu, na anayetaka kunipinga kuhusu mifuko ya hewa aje na yake.